Tahadhari: "GTX 1050 Ti" yenye tundu la VGA, msiiguse

Wakuu, nimepigwa: nimeuziwa kadi ya picha (graphics card) feki. Aliyenipiga matangazo yake bado yako hewani, kwa hiyo naandika haraka kabla mwingine hajatuma hela.

Nilikuwa natafuta GTX 1050 Ti ya NVIDIA yenye kumbukumbu ya GB 4. Kompyuta yangu ni zile za maofisini zinazouzwa mitumba, pawa saplai yake ndogo na haina waya wa ziada wa kwenda kwenye kadi. Ndiyo maana niling'ang'ania hiyo: 1050 Ti ya kawaida inakula wati 75, na sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama, peke yake inatosha kuilisha. Muuzaji akaniambia, "Kaka, mzigo mpya kabisa, bado una nailoni." Akanitumia picha ya skrini ya Windows, jina NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti linaonekana bila utata. Nikalipa.

Ilipofika, nailoni kweli ilikuwepo. Ila pembeni kulikuwa na soketi ya umeme ya pini 6, na nyuma matundu matatu: HDMI, DVI, na lile la buluu la VGA, la skrini za zamani. Nilitakiwa kusimama hapo hapo. Nikajidanganya kwamba labda ni toleo jingine, nikaazima pawa saplai kwa rafiki, nikachomeka.

Windows ikaniandikia 1050 Ti. Nikashusha draiva mpya ya NVIDIA, kuisakinisha tu skrini ikawa nyeusi, kompyuta ikazima na kuwaka tena. Nikampigia jamaa. "Wewe tumia ya kwenye CD, usiapdeti." Nikatii. Nikafungua gemu, menyu safi, nikaanza kufurahi. Kuingia ndani, dakika mbili hazijaisha, kuta zikageuka viraka vya zambarau, sauti ikakwama kwenye neno moja, kila kitu kikaganda.

Usiku huo nikashusha GPU-Z. Ni programu ndogo ya bure, na tangu 2018 inatambua kadi za NVIDIA zilizochakachuliwa. Jina lilikuwa lile lile, ila mbele yake limewekwa neno FAKE kwa herufi kubwa. Chini yake: chipu GF116, nanomita 40, viini vya kuhesabia 192. Kisanduku cha Vulkan, mfumo wa kuchora picha unaotumiwa na magemu mapya, kitupu.

Sasa linganisheni. 1050 Ti halisi ilitoka Oktoba 2016, chipu yake ni GP107 ya kizazi cha Pascal, nanomita 14, viini 768. GF116 ni kizazi cha Fermi, ilikuja 2011 na GTX 550 Ti, na baadaye ikawekwa pia kwenye baadhi ya GTS 450, ambayo naamini ndiyo niliyouziwa. Ukigawanya viini utasema ni robo. Kwa haki, hesabu hiyo haijakamilika, maana viini vya Fermi vilikuwa vinakimbia mara mbili ya spidi ya chipu yenyewe. Lakini hata ukiihesabu spidi, GTS 450 inafika kama teraflopsi 0.6 (hesabu trilioni 0.6 kwa sekunde), na 1050 Ti inafika 2.1. Kwenye kasi ya kumbukumbu ni hivyo hivyo, ya 1050 Ti ni biti 128 gawa kwa 8, zidisha kwa gigabiti 7, unapata GB 112 kwa sekunde. GTS 450 ilivyotoka kiwandani ilikuwa karibu 58, na yangu haikufika hata hapo. Vulkan haiijui kabisa, Fermi haikuwahi kuwekewa. Na zile GB 4? Ipo 1. Gemu ikiomba nafasi inaambiwa ipo, ikijaza tu ile moja, ndipo unapata kuta za zambarau.

Nikafungua skrubu nne za bati la kupoozea. Pasta ya kupitishia joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikaifuta kwa pamba, na maandishi kwenye chipu yakaanza na GF116. Ya 1050 Ti halisi huandikwa GP107-400. Kadi ya zaidi ya miaka kumi, imepulizwa vumbi likatoka, ikafungwa feni mpya na kubandikwa stika.

Wanachofanya ni kuflashi BIOS ya kadi, yaani kuandika upya programu ndogo iliyo ndani yake. Jina na kiasi cha kumbukumbu mnachokiona kwenye Windows vinasomwa kutoka humo, kwa hiyo muuzaji anaandika anachotaka. Ile picha ya skrini aliyonitumia wala hakuihariri, ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana naomba mtu asiniambie "ungeomba picha". Niliomba.

Kinachomshinda kuficha ni umbo. Pascal haitoi kabisa mawimbi ya analogi ambayo VGA inayategemea, kwa hiyo tundu la VGA kwenye kadi ya 1050 Ti ni sababu tosha ya kuirudisha mezani. Pini 6 peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kuna 1050 Ti halali zilizoongezwa spidi ambazo zinayo. Ila pini 6 pamoja na VGA, ondoka. CD ya draiva pamoja na masharti ya kutoapdeti ni ushahidi mwingine, kwa sababu NVIDIA iliacha kuitolea Fermi draiva za magemu mapya 2018. Kama mnakutana ana kwa ana, njoo na GPU-Z toleo jipya kwenye flashi yako mwenyewe. Usitumie ile aliyokwisha kuiweka yeye. Kisha acha gemu nzito iende angalau robo saa kabla hela haijatoka.

Kuna usanii mwingine ambao si feki kisheria lakini utakuumiza vile vile. GT 1030 zipo mbili zenye jina moja, zinatofautiana aina ya kumbukumbu: ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 inapitisha 16.8. Boksi zinafanana, na muuzaji atakuambia "zote ni GB 2, kaka". GTX 1060 ya GB 3 ina viini 1152 na ya GB 6 ina 1280, kwa hiyo hazitofautiani kumbukumbu tu. RX 580 ya AMD nayo, kama kwenye GPU-Z inaonyesha viini 2048 badala ya 2304, umepewa ile iliyopunguzwa. Akikuuzia kwa bei ya chini na akakwambia, sawa. Akinyamaza, huyo ni ndugu wa huyu wangu.

Nilimtumia picha ya chipu. Akajibu "Boss hiyo umebadilisha wewe", akaniblok. Hela sijarudishiwa. Kadi ninayo, nimeiandika GTS 450 kwa wino usiofutika kwenye ubao wake isije ikauzwa tena.

Jana rafiki yangu akalifungua tangazo lake kwa simu yake. Picha ni ile ile, kadi imelazwa juu ya kitambaa chekundu, na kwenye kona tundu la buluu linaonekana vizuri tu. Jina ndilo limebadilika. Sasa anaiita GTX 1060.