Ulinzi wa meli Malacca na Singapore: nawapa nyota 3 kati ya 5

Doria ya kuzuia maharamia kwenye Mlango wa Malacca, njia ya meli kati ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra cha Indonesia, yenyewe iko vizuri, niseme ukweli. 2004 Indonesia, Malaysia na Singapore walianza doria ya kupangwa pamoja, 2005 wakaongeza ndege zinazoruhusiwa kuingia anga ya jirani hadi maili 3 za bahari kutoka pwani yake na ndani wanakaa maofisa wa nchi zote, Thailand ikajiunga 2008. Mwaka huohuo wa 2005 watu wa bima London walikuwa wameiweka njia hii kwenye orodha ya maeneo ya vita kabisa, 2006 wakaitoa. Mabaharia tulipumua, hongera zao.

Kinachonikera ni Mlango wa Singapore, njia inayoendelea kutoka Malacca, hasa pale Phillip Channel njia inapobana hadi km 2.8 hivi. Meli kubwa hapo haina pa kukwepea, na wezi wa baharini wanajua. Usiku wa manane kiboti kinanyemelea upande wa tezi (nyuma ya meli), wanatupa mti mrefu wenye ndoano, dakika chache washapanda, hao moja kwa moja chumba cha injini kubeba vipuri. Fundi wa zamu akikutana nao peke yake anafungwa kamba, wana visu na saa zingine bunduki. IMB, shirika la kimataifa linalofuatilia uhalifu wa baharini, walihesabu matukio 43 hapo mwaka 2024, kati ya 116 dunia nzima!!

Sasa kwa nini doria zote hizo haziwashiki? Boti ya doria inaishia kwenye mpaka wa nchi yake, sheria ya bahari yenyewe inasema ukimkimbiza mtu akaingia maji ya nchi nyingine unaacha, so mwizi anavuka mstari anapotelea kwenye visiwa vya Riau vya Indonesia huku hawa wa doria wanapigia simu wenzao. Julai 2025 polisi wa baharini wa Indonesia walikamata makundi mawili na matukio yakapungua, kumbe inawezekana.

Ofisi ya IMB ya Kuala Lumpur ya kuripoti uharamia, hiyo nawapa 5 kavu, iko wazi saa 24 tangu 1992 na ni bure.

Hawa wa doria nyota ya nne wataipata wakiweka ofisa wa jirani ndani ya boti kama walivyofanya kwenye ndege, ili ikivuka mpaka ivuke na mwenye mamlaka. Kwa sasa mkipita hapo wekeni watu wawili tezi na redio, taa ziwake, milango ya injini ifungwe kwa ndani, na ripotini hata kama hawajaiba kitu.