Klachi ya waya au ya mafuta?
Gari ya zamani ya Volkswagen Beetle ina klachi ya waya: pedali huvuta waya. Land Rover Series II ina ya mafuta: pedali husukuma mafuta kwenye bomba. Kwa gharama, waya unashinda: gia zikikwaruza, unakaza nati ya masikio kwenye giaboksi mpaka pedali ibaki na mchezo, yaani nafasi ya kushuka kabla haijaanza kuvuta, wa milimita 10 hadi 20. Ukizidisha, klachi itateleza na kuungua. Lakini hewa ya chumvi ya Unguja haina huruma: waya hushika kutu ndani ya ganda lake, ukakatika bila taarifa. Ya mafuta hukuonya, pedali hulegea taratibu na mafuta kwenye kikopo chake yakapungua. Kazi ni kubadili mipira inayozuia mafuta yasivuje na kutoa upepo kwenye bomba, tena umtafute wa kukukanyagia pedali. Mkaazi wa kijijini Makunduchi ningempa waya, na mwengine wa akiba chini ya kiti. Wa mjini, mwenye fundi jirani, ya mafuta haimsumbui.