Godox AD200Pro au flashi tatu ndogo? Jua la utosini ndilo mwamuzi

Mtu akishaamua kuitoa flashi juu ya kamera na kuisimamisha pembeni, mara nyingi hubaki na chaguo mbili: anunue flashi ndogo tatu za betri za AA, mfano Godox TT600, au anunue taa moja ya wati-sekunde 200 (kipimo cha nishati ya mmweko), Godox AD200Pro. Kwa kazi za ukumbini usiku, hizo ndogo zinatosha kabisa. Kwa picha za mchana, chukua AD200Pro na usijiulize mara mbili.

Piga hesabu. Jua likiwa utosini, ISO 100 (wepesi wa sensa kuupokea mwanga) na shata 1/200 ya sekunde hudai f/11 hivi, f ikiwa ufunguzi wa lenzi: namba kubwa, tundu dogo. AD200Pro yenye kichwa cha balbu wazi na riflekta yake ina namba elekezi (umbali kwa mita ukizidishwa na f) 60. Gawanya kwa mita 3 upate f/20. Ni nyingi, mpaka uivalishe softboksi, boksi la kitambaa linalolainisha mwanga. Vitambaa viwili, cha ndani na cha nje, hula kama stopu 2 (kila stopu ni nusu ya mwanga), unabaki na f/10. Hapo umekaribiana na jua tu, hujalishinda. Sogeza softboksi hadi mita 1.5 na stopu zile 2 zinarudi. Ndipo anga nyuma ya mtu inapoanza kukolea buluu.

TT600 nayo imeandikiwa 60, lakini hiyo ni kwa zumu ya mm 200, mwanga ukiwa umebanwa kama wa tochi. Ndani ya softboksi mwanga unatakiwa utapakae, na ile 60 inabaki maandishi ya kwenye paketi tu. Flashi moja ya aina hiyo haifui dafu mbele ya jua. Ukifunga tatu kwenye mwavuli mmoja unaikaribia AD200Pro, ila sasa una betri 12 za kuchaji, na ikichoka moja kati ya hizo flashi, mwanga unapungua bila wewe kutambua. Betri ya lithiamu ya AD200Pro (volti 14.4, mAh 2900) hutoa mimweko takriban 500 ya nguvu kamili, na taa hujaa tena kwa sekunde 1.8 hivi. Ni kama Wh 42, chini ya ile Wh 100 ya kawaida kwenye ndege. Betri ya akiba ibebe mkononi.

Usiitegemee HSS, hali ya kupiga flashi kwa shata ya kasi, kama dawa ya kila kitu. Ukivuka kasi ya usawazishaji, kawaida 1/200 au 1/250, bila HSS unapata utepe mweusi kwa sababu pazia la shata limeshaanza kuifunika sensa. HSS huondoa utepe kwa kukatakata mmweko mmoja kuwa mfululizo wa mimweko midogo, na nguvu hushuka stopu 2 au zaidi papo hapo. Ukiipiga mfululizo kwa nguvu kamili taa inapata joto na kujipunguzia kasi. Unapotaka f/4 mchana, filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia lenzini) ya stopu 3 ni nafuu kwa taa: shata inabaki 1/200, na jua na flashi hupungua kwa kiasi kilekile.

Taa huja na vichwa viwili. Kile bapa cha fresineli, chenye lenzi ya kukusanya mwanga, kinafaa mwanga mkali ulioelekezwa mahali. Ukikitia kwenye softboksi utaona duara linalong'aa katikati na kingo za giza. Humo weka balbu wazi. Kwenye S2, mshikio wa Godox unaoishika taa kwenye stendi, isukume taa mbele mpaka balbu ichomoze kupita pete ya Bowens, ile softboksi inapofungwa, kabla ya kukaza skrubu. Ikibaki nyuma ya pete, kingo za softboksi hazipati mwanga, na watu huilaumu softboksi bure. Safarini ivalishe balbu kifuniko chake. Kioo ni chembamba.

Triga, kifaa cha juu ya kamera kinachoiwasha taa kwa redio, inunuliwe kwa kamera, si kwa taa: XPro, triga ya Godox, ya C ni ya Canon, N Nikon, S Sony, F Fujifilm. Taa yenyewe inasikiliza zote. Taa ikikataa kuwaka ikiwa chini ya mita moja kutoka kwenye triga, badili mpangilio wa umbali uwe mita 0–30. Penye wapiga picha wengine wa Godox weka namba ya ID (utambulisho) moja kwenye triga na taa yako, la sivyo taa yako itamweka kila jirani anapobonyeza.

Kasoro ya kweli ni kwamba taa ikishapanda mita 2 juu, skrini yake huifikii, kwa hiyo triga yenye skrini inayosomeka juani ni lazima. Na pesa isiishie kwenye taa. Softboksi ni tanga. Stendi nyepesi isiyo na mfuko wa mchanga wa kilo 5 au zaidi, ulioning'inizwa kwenye mguu wake, huangushwa na upepo wa kawaida tu, na kinachotangulia kugonga chini ni balbu.