Kitanda cha "mninga" nilichouziwa Keko: uzoefu wangu

Nilikwenda Keko, mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam, wakati wa masika yaliyopita, nikiwa na fedha nilizodunduliza kwa muda mrefu na haja ya vitu viwili tu: kitanda cha futi 5 kwa 6 na meza ya kulia chakula. Tunaishi katika vyumba viwili vya kupanga, na mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba ni heri tukalie mkeka kwa miezi kadhaa kuliko kujaza sebule samani za mbao za unga, ambazo huvimba na kumeguka zikilowa maji mara moja. Ndiyo maana niliulizia mninga, mbao ngumu inayodumu, na kabla ya kuulizia nilimweleza mwenye karakana kiasi nilichokuwa nacho.

Hakusita hata kidogo. Alisema, "Dada, kwa hela hiyo mninga unapata, tena wa Tabora, maana nimebakiwa na mbao za kazi nyingine." Tulipatana shilingi 600,000, nikatoa nusu kama kianzio, na baada ya wiki chache kitanda kililetwa kwa kirikuu, kikiwa kimepakwa rangi ya hudhurungi yenye wekundu na vanishi iliyong'aa, hata majirani wakaja kukitazama.

Kabla mwaka haujaisha ubao wa kichwani ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi karibu na katikati, na mfumbati mmoja ulikuwa umejipinda kiasi kwamba chaga mbili zilianguka usiku tukiwa tumelala. Jambo lililonishangaza zaidi ni utomvu uliotoka penye mafundo ya mbao, ukapenya vanishi na kunata kwenye shuka. Baba yangu mdogo, ambaye ni seremala Muheza, alikwangua upande wa ndani wa mfumbati kwa kisu, mahali ambapo jicho halifiki, na chini ya ile rangi tukakuta mbao nyeupe yenye harufu kali. Ulikuwa msonobari, mbao ileile inayoshushwa kwa malori kutoka Mafinga, tena uliorandwa kabla haujakauka. Mninga husifiwa na mafundi hasa kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka, kwa hiyo hata ule ufa ulikuwa dalili.

Sikwenda Keko kugombana. Nilimwamkia fundi, nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwomba aje abadilishe mfumbati na ule ubao wa kichwani. Aliendelea kupiga msasa mlango uliokuwa mbele yake, na bila kuniangalia akasema kwa sauti ambayo wateja wengine watatu waliisikia vizuri: "Mama, kwa vihela vile ulitaka nikupe mninga wa Ikulu?"

Maneno hayo bado yananichoma kuliko ile mbao. Bei aliitaja yeye, na jina la mninga alilithibitisha yeye, akauongezea na mkoa unakotoka. Kama angeniambia kwamba fedha yangu inatosha msonobari, ningeununua msonobari kwa bei ya msonobari na kumshukuru, kwa sababu ukikaushwa vizuri kivulini na kuungwa kwa ulimi na tundu badala ya misumari, unatoa kitanda cha kulaliwa miaka mingi. Mtu mwenye fedha kidogo ndiye anayehitaji kuambiwa ukweli kuliko wote, maana akikosea hana fedha nyingine ya kununulia tena. Yeye aliuona udogo wa fedha yangu kuwa ruhusa ya kunidanganya, na baadaye akaufanya kuwa sababu ya kunidhihaki.

Hata hivyo, nitakuwa sisemi haki nikinyamaza kuhusu meza. Meza ya kulia ilitoka katika karakana hiyohiyo, ikatengenezwa na kijana anayejifunza kazi hapo, ambaye alinishauri kwa heshima nichukue vipande vya mtiki vilivyobaki kwenye kazi ya milango, akaviunganisha kwa gundi na vibano hadi usiione mishono kwa urahisi. Nililipa shilingi 180,000. Haiyumbi, haijapata ufa, na maji ya moto yaliyomwagika juu yake wakati wa Idi hayakuacha hata alama. Kwa ajili ya meza hiyo nilitaka kuwashauri wengine waende, waulizie vipande vilivyobaki, wasimame hapo mbao zinapochaguliwa, na wakatae kitu chochote kupakwa rangi kabla hawajakiona kikiwa kitupu.

Lakini kila ninapoandika neno "waende" naisikia tena ile sauti na vicheko vya wale wateja, na siwezi. Msiende kwake. Kijana yule akifungua karakana yake siku moja, nitakuwa mteja wake wa kwanza, na nitamlipa bila kupunguziwa.

Kitanda tumekiegemeza kwa matofali mawili. Nilipotaka kulalamika rasmi, baba mdogo aliniomba kwanza nimwonyeshe risiti, nikaitoa kwenye bahasha nilimoihifadhi kwa uangalifu tangu siku ile. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Kitanda 1, 5 kwa 6, kimelipwa chote." Neno mninga halimo.