Nantes kwa miguu: uzoefu wangu wa ziara ya nusu siku

Nimekuwa mwongoza watalii katika Mji Mkongwe wa Unguja kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo ninapolipa ili niongozwe na mtu mwingine huwa ninasikiliza kwa masikio mawili: moja la mgeni anayetaka kuujua mji, na jingine la fundi anayetazama jinsi mwenzake anavyoshika randa. Juni 2024 nilikwenda Ufaransa kumtembelea dada yangu, na siku moja tukapanda treni ya mwendo kasi kutoka Paris, safari ya saa mbili na dakika chache, tukashuka Nantes, mji wa kale ulio kando ya mto Loire upande wa magharibi, ambao zamani ulikuwa makao ya watawala wa eneo la Bretagne. Ziara niliyoilipia ilikuwa ya kutembea kwa miguu, ya saa tatu na nusu, kwa Kiingereza, euro 24 kwa kila mtu. Sitaitaja kampuni iliyotuuzia, kwa sababu nina malalamiko dhidi yake na sina sababu ya kuivunjia biashara. Ziara yenyewe ninaipa nyota nne kati ya tano, na nyota zote nne ni za mwongozaji.

Nianze na malalamiko. Tangazo la ziara lilikuwa na picha nzuri ya kaburi la marumaru lililomo ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo, nasi tukaamini kwamba tutaliona. Kanisa hilo, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1434 na kukamilika 1891, liliungua tarehe 18 Julai 2020 na kinanda chake kikuu kikateketea, na siku tuliyofika lilikuwa bado limefungwa kwa matengenezo. Kampuni ilijua hayo tangu miaka minne nyuma, lakini picha ikabaki pale pale. Kwetu Unguja tunawalaumu mapapasi, vijana wanaowanasa watalii mitaani, kwa kuahidi pomboo wasioonekana. Sikutarajia kuukuta ujanja huo huo kwenye tangazo lenye nembo na risiti. Isitoshe, ujumbe wa mahali pa kukutana ulisema tu “mbele ya ngome”, na ngome hiyo ina mzingo mrefu wenye handaki, hivyo tuliizunguka kwa dakika ishirini kabla ya kuliona kundi letu la watu tisa.

Mwongozaji alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mji huo. Alipoambiwa kuhusu picha hakutetea ofisi yake. Alituomba radhi, akatoa albamu ndogo mkobani, akatuonyesha kaburi lile upande kwa upande. Ni kaburi la Duke François wa Pili, mtawala wa Bretagne, na mkewe Marguerite de Foix, lililochongwa na Michel Colombe kati ya mwaka 1502 na 1507, na katika pembe zake nne wamesimama wanawake wanne wanaowakilisha fadhila kuu. Mmoja wao, Busara, ana nyuso mbili: mbele ni msichana anayejitazama kwenye kioo, na kisogoni ni uso wa mzee mwenye ndevu. Mama yule alituachia tuitazame picha kwa muda bila kusema neno, na hapo nikajua kwamba niko na mtu anayeijua kazi. Waongozaji wengi, na mimi nikiwa mmojawapo katika miaka yangu ya mwanzo, huogopa ukimya kama vile mteja atadai kurudishiwa fedha kwa kila dakika isiyojazwa maneno.

Ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa upya na Duke huyo mwaka 1466, ilipitiwa kwa haraka kuliko nilivyopenda. Tulielezwa kwamba binti yake, Anne, alizaliwa humo mwaka 1477, akawa malkia wa Ufaransa mara mbili, kwanza kwa kuolewa na Charles wa Nane na kisha, mwaka 1499, kwa kuolewa na Louis wa Kumi na Mbili katika kanisa dogo la ngome hiyo hiyo. Alipofariki mwaka 1514 mwili wake ulizikwa pamoja na wafalme karibu na Paris, bali moyo wake ulirudishwa Nantes ndani ya kasha la dhahabu. Kasha hilo liliibwa mwaka 2018 na kupatikana baada ya siku chache. Nililiona mwenyewe kesho yake katika Makumbusho ya Dobrée, yaliyokuwa yamefunguliwa tena mwezi uliotangulia, na ninamshauri kila atakayefika aongeze saa moja kwa ajili hiyo, maana haimo katika ziara.

Uani mwa ngome mwongozaji aligusia amri ambayo kila mwanafunzi wa Ufaransa anaijua kwa jina la mji huu, ile aliyoitoa Mfalme Henri wa Nne mwaka 1598 ili Waprotestanti waruhusiwe kuabudu katika nchi ya Wakatoliki. Nilidhani ataishia hapo kama vitabu vya watalii vinavyoishia. Akaendelea kusema kwamba mjukuu wa Henri, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta amri hiyo mwaka 1685, na kwamba mwaka huo huo mfalme huyo alitoa sheria nyingine, ya watumwa wa makoloni, ambayo kifungu chake cha 44 kiliwahesabu watumwa kuwa mali inayohamishika. Kwa kuunganisha tarehe moja na amri mbili alitutoa kwenye hadithi za malkia na kutuingiza kwenye jambo lililoujenga mji, bila kupandisha sauti na bila kutuandaa kwa maneno mazito. Mbinu hiyo nimekuja nayo nyumbani.

Kutoka hapo tulikwenda Feydeau, mtaa unaoitwa kisiwa ingawa matawi ya mto yaliyokizunguka yalifukiwa katika karne iliyopita. Nyumba zake za karne ya 18 zilijengwa juu ya mchanga na nguzo za miti, na sasa zimeinama moja kuelekea nyingine, madirisha upande, balkoni za chuma zikiwa zimejikunja mbele kama matumbo. Mtu wa Mji Mkongwe hawezi kuzitazama bila kuhesabu nyumba zake mwenyewe zinazosubiri zamu ya kuanguka. Juu ya milango na madirisha kumechongwa nyuso za mawe: miungu ya bahari, wanaume wenye ndevu za mwani, na hapa na pale nyuso za Waafrika. Mwongozaji alituuliza tunafikiri wenye nyumba walikuwa wakifanya biashara gani, kisha akatuacha tuzisome nyuso hizo wenyewe.

Biashara ilikuwa ya watu. Nantes ilikuwa bandari ya kwanza ya Ufaransa katika usafirishaji wa watumwa: zaidi ya safari 1,700 zilianzia hapa, na zaidi ya watu 450,000 walichukuliwa kutoka Afrika kupelekwa Karibi, wengi wao katika koloni la Saint-Domingue ambalo leo ni Haiti. Biashara hiyo ilipopigwa marufuku baada ya mwaka 1815, meli za Nantes ziliendelea nayo kwa siri hadi karibu 1830. Katika makumbusho ya historia yaliyomo ngomeni, ambayo tiketi yake hulipiwa peke yake, kuna mchoro wa rangi wa meli ya Marie-Séraphique iliyopakia mateka 307 huko Loango, katika pwani ya Afrika ya Kati; mchoraji amewapanga chini ya sitaha kwa unadhifu ule ule anaopangia mapipa. Pia kuna vitambaa vya pamba vyenye maua vilivyopigwa chapa mjini Nantes ili vikabadilishwe na watu katika pwani ya Afrika. Dada yangu alivitazama sana. Alisema vinafanana na doti ambayo mtu angeinunua sokoni Darajani, kwetu Unguja.

Nilimuuliza mwongozaji kuhusu Bahari ya Hindi. Nilimweleza kwamba mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kila mmoja, kwa ajili ya mashamba ya kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Alijibu kwamba baadhi ya meli za Nantes zilizunguka hadi Msumbiji na visiwa vya Mascarene, kundi lenye Mauritius, lakini habari ya Kilwa hakuwa nayo. Akatoa daftari, akaniomba nimwandikie jina hilo kwa herufi sahihi. Nimewahi kuwaona waongozaji wakijibu swali kama hilo kwa kubuni papo kwa hapo, na wengine kwa kujifanya hawakulisikia. Kwa daftari lile peke yake ningeongeza nusu nyota kama zingekuwepo nusu.

Mahali ambapo ziara inastahili bei yake, na zaidi, ni kwenye gati liitwalo la Fosse, penye kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa iliyofunguliwa mwaka 2012 na kubuniwa na Krzysztof Wodiczko na Julian Bonder. Hakuna sanamu. Kwenye njia ya watembea kwa miguu kando ya mto vimepandikizwa vioo vidogo 2,000, na katika 1,710 kati yake limeandikwa jina la meli iliyotoka Nantes pamoja na mwaka wake, na vilivyobaki vina majina ya bandari na vituo. Watu hupita juu yake wakiwa na baiskeli na mikate. Kisha unashuka ngazi na kuingia katika ukumbi mrefu chini ya gati, mbao upande mmoja na ukuta wa kioo ulioinama upande mwingine ukiwa na maneno ya watu waliopinga utumwa, na katikati ya nguzo unauona mto. Kuingia ni bure, hivyo anayekosa euro 24 asikose hapo.

Mimi hupeleka wageni Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na penye shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Wageni hulia pale, na picha hupigwa. Nantes sikumwona anayelia. Watu walitembea wakiwa wameinamisha vichwa wakisoma majina, mengi yakiwa matamu, ya watakatifu na ya wake, na baada ya kusoma mengi nilitambua kwamba nimeyajua majina ya meli mia moja na sijasoma jina la hata mtu mmoja aliyekuwa ndani yake. Nilimwambia hivyo mwongozaji. Alisema huwa anangoja mgeni aligundue mwenyewe, na asipoligundua ndipo humwambia akiwa anapanda ngazi kutoka.

Sehemu ya mwisho ilikuwa nyepesi: kisiwa cha pili, penye viwanda vya meli vilivyofungwa mwaka 1987, ambapo leo hutembea tembo wa mbao na chuma mwenye kimo cha mita 12 na uzito wa tani 48, akiwabeba abiria mgongoni na kuwarushia maji watoto. Kumpanda hulipiwa pembeni. Tukiwa pale mwongozaji alimtaja mwandishi wa riwaya Jules Verne, aliyezaliwa Feydeau mwaka 1828, na nikapata nafasi ya kuwaambia wenzangu wanane kwamba riwaya yake ya kwanza ya safari, ile ya puto ya mwaka 1863, inarusha puto hilo kutoka Zanzibar, kisiwa ambacho mwandishi hakuwahi kukikanyaga. Wawili walidhani ninatania.

Atakayekwenda avae viatu vya kutembelea, na achague Jumamosi au Jumapili, kwa kuwa tramu za mji huwa bure siku hizo. Niliiandikia kampuni kuhusu picha ya kaburi. Walinijibu kwa heshima baada ya siku tatu na kunirudishia euro 5. Wiki iliyofuata nililitazama tangazo tena, na picha ilikuwa bado ipo.