Akupancha kwa kipandauso: kliniki inayosoma faili la hospitali kwanza

Nina kipandauso tangu ujana. Wenye ugonjwa huu hawahitaji maelezo: kwanza mistari ya mwanga inapindapinda pembeni mwa jicho, maneno kwenye daftari ninalosahihisha yanamezwa nusu, kisha upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga, na kwa saa nyingi sitaki mwanga, sauti wala harufu ya chochote. Naandika kwa ajili ya wenzangu hao, hasa wanaotumia dawa za hospitali na wanajiuliza kama akupancha, yaani sindano za Kichina, zinaweza kuingia humo bila kuvuruga mambo. Kwangu zimeingia vizuri, na sifa kubwa naipa namna kliniki hii inavyofanya kazi kabla sindano haijatoka kwenye pakiti.

Nilielekezwa na daktari wangu wa mishipa ya fahamu. Anayenichoma ni daktari aliyesomea udaktari wa hospitali, halafu akasomea akupancha. Kabla ya hapo niliwahi kupita kwa mtaalamu mwingine, simtaji, aliyeniambia niache propranolol, dawa yangu ya kukinga kipandauso, siku ileile kwa sababu eti inaziba njia za nguvu mwilini. Niliaga nikaondoka. Dawa za kundi lake (beta-blocker) haziachwi ghafla. Hupunguzwa polepole, maana ukizikata mara moja moyo unaweza kwenda mbio na presha ikapanda. Mtu anayetaka utupe dawa kabla hajauliza ulipewa kwa nini, usimwachie mwili wako.

Hapa miadi ya kwanza ilikuwa ya maswali karibu yote. Daktari alitaka orodha ya dawa zangu, pamoja na zile ninazojinunulia mwenyewe. Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? (Kwenye kliniki wanatumia pia umeme mdogo kupitia sindano, na kwa mwenye kifaa hicho ni hatari.) Ni mjamzito? Nimewahi kuzimia nikichomwa sindano? Nimekula leo? Akasoma picha na majibu niliyotoka nayo hospitali, na hakunirudisha kupima chochote upya.

Kisha akaomba daftari langu la maumivu, akawa anahesabu kwa kalamu siku nilizomeza dawa za kutuliza. Hapo ndipo nilipoamua nitarudi. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu na kuendelea, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa triptani, dawa za kukata kipandauso kikishaanza, kizingiti ni siku 10. Mimi nilikuwa nakaribia. Akaniambia, "Hizi tukiziacha zilivyo, sindano zitasifiwa au kulaumiwa bure." Akamwandikia barua daktari wangu wa mishipa ya fahamu, wakakubaliana namna ya kuzipunguza, na propranolol ikabaki palepale.

Sindano zenyewe ni nyembamba, robo ya milimita hivi, hazina tundu wala dawa ndani. Pakiti huchanwa mbele yako na kila moja hutumika mara moja tu. Anasafisha ngozi, anasimamisha kibomba kidogo cha plastiki, anagonga kichwa cha sindano kwa kidole. Mchomo ni mdogo kuliko wa kutolewa damu. Kazi inakuja anapoizungusha. Kwenye sehemu iitwayo Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, uzito ulianza kuenea taratibu kuelekea kiwiko, kama mkono uliolaliwa unaporudiwa na damu. Nilimwambia, akaacha kuzungusha palepale. Nyingine zilikwenda kwenye vibonyeo viwili chini ya fuvu, nyuma ya shingo, na juu ya mguu karibu na kidole gumba. Mabega yangu ni magumu sana, nikaomba achome na huko kwa nguvu. Akakataa kwenda kwa kina, kwa kuwa sindano ikizama vibaya juu ya bega au kifuani inaweza kutoboa pafu. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea. Alipoweka sindano aliandika idadi kwenye faili, na alipozitoa alizihesabu tena kwa sauti huku akizitumbukiza kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha. Jambo hilo dogo limenipa imani kuliko vyeti vyote ukutani.

Kwa wiki za mwanzo sikuona tofauti isipokuwa usingizi mzito usiku wa tiba. Baadaye daftari lilianza kuonyesha: siku za kipandauso zimepungua kwa karibu nusu, na siku za kumeza dawa za kutuliza zimepungua zaidi ya hapo. Kinapokuja, bado kinakuja na ukali wake. Tofauti ni nafasi kati ya kimoja na kingine, na kwa mtu anayepanga maisha kwa kuogopa kichwa chake, nafasi hiyo ni kubwa mno.

Daktari hakunificha upande wa pili. Ujerumani mwaka 2006 kulichapishwa utafiti mkubwa wa kipandauso wenye makundi matatu: waliochomwa kwenye sehemu za ramani ya Kichina ya mwili, waliochomwa juujuu mahali pasipo kwenye ramani hiyo, na waliopewa dawa za kinga. Waliopunguziwa siku za maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 47, 39 na 40, kwa mpangilio huo. Mimi naona mambo mawili humo, na yote ni ya kweli. Sindano zilisaidia angalau sawa na dawa, na hilo kwa mtu ambaye dawa zinamlegeza mwili si dogo. Lakini mahali hasa pa kuchoma hapakuleta tofauti kubwa, kwa hiyo anayedai kwamba kosa la milimita moja huharibu tiba nzima anazidisha. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa 2012 ilikubali akupancha kama kinga ya kipandauso pale dawa za kinga zinaposhindikana au zisipomfaa mgonjwa: hadi vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Ndiyo ratiba tuliyoifuata.

Nisichokipenda ni kabati la mitishamba pale mapokezi. Mhudumu alinishauri nichukue mchanganyiko wa kusafisha ini, na karatasi yake haikuonyesha kiasi cha kila mmea. Nilikataa. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa vidonge vya mitishamba ya Kichina vya kupunguza unene waliharibikiwa figo, kwa sababu ndani mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Silaumu mitishamba yote. Artemisinini, iliyobadilisha tiba ya malaria duniani, ilitoka kwenye mmea ulioandikwa katika kitabu cha tiba cha China cha karne ya 4. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake waliichuja mwaka 1972, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Walitafuta kiini chake, wakakipima, wakajua kiasi cha kumpa mgonjwa. Nataka kliniki inayohesabu sindano kwa uangalifu ule iwe na uangalifu uleule kwenye kabati lake. Nilimwambia daktari hivyo, akasikiliza, lakini kabati bado lipo.

Jingine ni muda. Mara mbili kwa wiki mwanzoni, ukilala tuli kila mara karibu nusu saa, si kila mwajiri atakuelewa. Na taa ya dari iko juu kabisa ya kitanda. Kwa wagonjwa wa kipandauso hilo lingefikiriwa. Omba kitambaa cha macho, wanacho ila hawakitoi wenyewe.

Nenda ukiwa na majibu yako ya hospitali, majina ya dawa na daftari la angalau mwezi mmoja. Usiende kama maumivu yamekulipuka ghafla kwa ukali usiowahi kuupata, au yamekuja na homa na shingo kukakamaa, au na udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito. Hayo ni ya idara ya dharura, na daktari huyu mwenyewe ameyabandika mlangoni kwa herufi kubwa.