Wiktionary: tumeipima kwa neno moja

Neno lenyewe ni magazine. Tumelichagua makusudi kwa sababu lina mitego mingi: kwa Kiingereza ni jarida, ni kile chombo cha risasi kwenye bunduki, na ni ghala la silaha, halafu sikio la Mswahili linalisikia kama ndugu yake magazeti. Kamusi ya asili za maneno isiyoweza kuyachambua haya haina kazi. Wiktionary, kamusi ya mtandaoni, inaweza, ila haikutafunii. Lazima ujue pa kubofya.

Anza na kidahizo cha Kiingereza, yaani ukurasa wa neno lenyewe. Ukurasa mmoja hubeba lugha zote zenye tahajia hiyo, Kiingereza kikitangulia, na kosa la kawaida ni kuteremka kwa kidole kwenye simu hadi ukajikuta unasoma maelezo ya Kifaransa bila kujua. Tazama kichwa cha lugha kwanza. Sehemu ya asili ya neno hurudi nyuma hatua kwa hatua: Kiingereza kimelitoa kwenye Kifaransa magasin, Kifaransa kwenye Kiitaliano magazzino, na Kiitaliano kwenye Kiarabu makhazin, wingi wa makhzan, yaani ghala.

Wengi huishia hapo, na utamu ndiyo kwanza unaanza. Bofya neno la Kiarabu lililoandikwa kwa herufi zake. Ukitaka kulitafuta mwenyewe, usiandike makhzan kwa herufi za Kirumi. Tumia za Kiarabu, na uondoe irabu za juu na chini, maana majina ya kurasa huandikwa bila irabu. Kutoka hapo fuata kiungo cha mzizi, yaani konsonanti kh-z-n zinazobeba maana ya kuweka akiba. Ile ma- ya mwanzo ni ya mahali, sawa na ya maktaba kutoka k-t-b. Na katika mzizi huohuo utakutana na khazina. Kh yake tumeilainisha kuwa h, kama tulivyofanya kwenye khabar ikawa habari, tukapata hazina, kisha mhazini. Kumbe mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa na magazini ya bunduki ya mgambo ni wa ukoo mmoja! Tofauti ni njia tu: hazina ilitufikia moja kwa moja kutoka Kiarabu, magazini ilizunguka Italia, Ufaransa na Uingereza kwanza.

Kipengele kinachoipa Wiktionary alama za juu ni orodha ya wazao. Kwenye ukurasa wa makhzan, neno linasambaa kama mizizi ya mwembe: Kihispania almacén na Kireno armazém, yote yakiwa yamebeba al- ya Kiarabu mgongoni; Kituruki mağaza na Kirusi magazin, ambako ni duka. Kwa Kifaransa magasin nayo ni duka, lakini Wafaransa walikwenda tena kwa Waingereza wakachukua magazine kwa maana ya jarida. Neno lilitoka kwao likarudi na nguo nyingine. Orodha hiyo lakini haikuambii nani alitangulia kukopa, kwa hiyo usiisome kama kalenda.

Kwa kutaja miaka, Wiktionary inazidiwa. Hapo fungua tovuti ya Etymonline ya Douglas Harper, inayopanga maana za neno la Kiingereza kwa wakati zilipojitokeza. Humo utaona kwamba ghala ndilo lililotangulia, tangu karne ya 16, na kwamba maana ya jarida ilishika mwaka 1731, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine jijini London, jina likimaanisha ghala la maandishi. Udhaifu wa Etymonline ni kwamba inahudumia Kiingereza tu. Hazina hutaipata humo.

Na magazeti? Hayana undugu wowote na magazine. Ma- yake ni yetu, ya wingi. Gazeti limetokana na gazette, Kiitaliano gazzetta, neno linalohusishwa na sarafu ndogo ya Venice.

Upande wa Kiswahili ndipo panapouma. Maneno mengi yana tafsiri ya Kiingereza tu, sehemu ya asili haipo kabisa, na toleo la Kiswahili, Wikamusi, ni jembamba zaidi. Kwa kuwa yeyote anaweza kuhariri, fungua kichupo cha historia kabla ya kunukuu. Maelezo ya asili yasiyo na rejea hata moja, yalinganishe na kamusi iliyochapishwa. Kwa gharama Wiktionary haina mpinzani: bure, bila matangazo, na ukipakua faili lake la Kiwix, programu ya kusomea nje ya mtandao (gigabaiti kadhaa, tafuta Wi-Fi), utalisoma bila bando.

Mfasiri ndiye atakayefaidi zaidi. Akikuta magazine kwenye taarifa ya vita ya karne ya 18, kwamba imelipuka, aandike ghala la baruti. Bunduki za kuingiza risasi nyingi kwa mkupuo zilienea karne ya 19, na ndipo neno likahamia kwenye bunduki.